Mtoto akiumia kichwa Tanga: nani analipa nini, na lini

Mtoto wa miaka saba aliyegongwa na bodaboda pale Pongwe anaweza kuruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, baada ya siku nne akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na familia yake ikaendelea kuilipia ajali ile miaka kumi baadaye. Wazazi wengi hupigia hesabu bili ya dirishani. Wakishailipa, wanashusha pumzi. Lakini ukifuatilia fedha zinavyotoka mfukoni mwa nyumba moja, utakuta bili ile ilikuwa mwanzo tu. Nyingi hutoka kidogo kidogo baada ya hapo: nauli, vidonge, siku ambazo mama hakufungua meza yake sokoni Mgandini, tuisheni ya mtoto ambaye zamani hakuhitaji tuisheni.

Kuna jambo la pili ambalo huumiza zaidi kwa sababu linaepukika. Haki ya kulipiwa na mwingine, iwe bima, serikali au mwenye chombo kilichogonga, hujengwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, wakati mzazi hana utulivu hata wa kukumbuka alipoweka simu. Karatasi isiyochukuliwa siku hizo huja kutafutwa baada ya mwaka, na mara nyingi haipatikani.

Bili inavyopanda

Kinachopanga gharama kwanza ni ukubwa wa jeraha lenyewe. Hospitalini fahamu za majeruhi hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, ambacho huangalia mambo matatu: anavyofumbua macho, anavyozungumza na anavyosogeza viungo. Alama huanzia 3 hadi 15. Aliye na 13 hadi 15 huhesabiwa ana jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, na 8 kushuka chini ni jeraha kubwa. Mtoto mchanga ambaye bado hasemi ana toleo lake la kipimo hiki, ambamo kilio chake ndicho kinachosomwa badala ya maneno. Muulize daktari au muuguzi alama ya mtoto alipofika ni ngapi, uiandike pamoja na saa. Utaihitaji wakati wa madai, na itamsaidia daktari wa hospitali ya pili kujua kama mtoto anapanda au anashuka.

Wengi wa watoto wanaoumia kichwa huangukia kundi la kwanza. Marekani, ambako takwimu hizi hukusanywa nchi nzima, mwaka 2013 watoto wa miaka 14 kushuka chini walifika idara za dharura kwa majeraha ya ubongo takriban mara 640,000. Waliolazwa walikuwa kama 18,000, na waliofariki kama 1,500. Hospitali zao na zetu hazifanani, lakini umbo la tatizo ni lile lile: wengi sana wanaumia kidogo, wachache wanaumia sana, na hao wachache ndio wanaobeba sehemu kubwa ya fedha za matibabu.

Kwa hao wachache, kinachovuta bili kuliko hata upasuaji ni idadi ya siku katika chumba cha wagonjwa mahututi. Upasuaji hulipiwa mara moja. Mashine ya kupumulia, oksijeni, dawa za usingizi, vipimo vya damu na uangalizi wa saa 24 huhesabiwa kila kukicha. Na siku hizo huongezeka hasa kwa sababu ya madhara yanayokuja baada ya ajali. Ubongo uliokwisha umia hauvumilii kukosa hewa wala presha kushuka. Mtoto aliyesafirishwa kutoka kijijini Handeni amelazwa chali nyuma ya pikapu, matapishi yakamwingia kwenye mapafu, hufika na majeraha mawili: lile la ajali na lile la njiani. La pili hurefusha kulazwa na huongeza uwezekano wa ulemavu. Kwa hiyo kumlaza ubavu, kuushika mgongo na shingo vikae katika mstari mmoja anapogeuzwa, na kutompa chakula wala kinywaji hadi apimwe, ni mambo yasiyogharimu senti na yanayookoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote utakaloomba baadaye.

Aina ya jeraha nayo ina uzito wake. Damu iliyovia kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo ni dharura ya saa, lakini ikiondolewa mapema mtoto anaweza kurudi katika hali nzuri kabisa, na gharama zikaishia hapo. Ubongo uliotikiswa na kuchanika ndani kwa ndani unaweza usihitaji kisu hata kidogo, na ukawa wa gharama zaidi kwa miaka. Fuvu lililobonyea huenda likainuliwa kwa upasuaji. Fuvu lililotolewa kipande ili kuupa ubongo uliovimba nafasi litahitaji upasuaji wa pili wa kuliziba, na upasuaji huo wa pili husahaulika kwenye hesabu. Uulizie mapema: je, kuna upasuaji mwingine mbele, na unakadiriwa lini?

Kipimo cha CT: nani anakihitaji

CT ni picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya fuvu, na hapa ndipo fedha hupotea kwa pande zote mbili, wengine wakipima bila sababu na wengine wakiacha kupima walipostahili.

Tuanze na eksirei ya fuvu, maana bado huombwa na wazazi wenyewe. Eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi damu iliyovia wala ubongo uliovimba. Mtoto anaweza kuwa na fuvu zima na damu inamkandamiza ubongo, na mwingine akawa na ufa mdogo wa fuvu usio na madhara yoyote. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 kuhusu jeraha dogo la ubongo kwa watoto unasema wazi kwamba eksirei isitumike kugundua jeraha hilo. Ukilipia eksirei kisha ukaambiwa bado unahitaji CT, umelipa mara mbili kwa jibu moja.

Lakini CT nayo si ya kila mtoto aliyeanguka. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watoto 42,412 walioumia kichwa huko Marekani, uliotoa kanuni ambazo madaktari wengi duniani huzifuata. Kwa mtoto wa miaka miwili na kuendelea, CT huweza kuachwa ikiwa fahamu zake ni za kawaida, hakupoteza fahamu, hatapiki, hana maumivu makali ya kichwa, hana dalili za kuvunjika fuvu upande wa chini, na ajali yenyewe haikuwa ya nguvu. Ajali ya nguvu maana yake, kwa mfano, kugongwa na chombo cha moto akiwa kwa miguu au kwenye baiskeli bila kofia ngumu, ama kuanguka kutoka juu ya mita 1.5. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kipimo cha urefu ni sentimita 90, na huangaliwa pia uvimbe wa kichwa ulio pembeni au kisogoni (wa kwenye paji la uso hauna uzito sana), kupoteza fahamu kwa sekunde 5 au zaidi, na neno la mzazi kwamba "huyu si mwanangu ninayemjua leo". Neno hilo la mzazi limo kwenye kanuni rasmi, kwa hiyo liseme bila kuona haya. Mtoto asiye na hata kimoja kati ya hivyo, uwezekano wake wa kuwa na jeraha zito ni chini ya 0.05 kwa mia, na kwa walio chini ya miaka miwili ni chini ya 0.02 kwa mia.

Ukiyatazama haya kwa macho ya Tanga, utaona mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe wa jirani Mikanjuni au aliyegongwa na pikipiki barabara ya Segera tayari amevuka mstari wa "ajali ya nguvu", hata kama anacheka. Hiyo haimaanishi CT moja kwa moja. Ikiwa hana dalili nyingine, daktari anaweza kuamua akae wodini chini ya uangalizi wa saa 4 hadi 6, akipimwa fahamu mara kwa mara. Kulipia saa hizo za kitanda ni nafuu kuliko CT, na humwepusha mtoto na mionzi. Mzazi anayeng'ang'ania kuondoka baada ya saa moja kwa sababu mtoto "yuko sawa" ndiye anayerudi usiku kwa teksi.

Nyumbani, mrudishe hospitali mara moja akitapika kwa kurudiarudia, akisinzia kiasi cha kutoamka vizuri, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyenzake, maji meupe yakitoka puani au sikioni, akianza kupepesuka au kuongea ovyo, au utosi wa mtoto mchanga ukivimba. Kulala si kosa. Akifika saa yake ya kulala alale, ila umwamshe uone kama anakutambua. Kwa maumivu mpe paracetamol kwa uzito wake, miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 300 kwa mtoto wa kilo 20, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini usimpe.

Akipimwa CT, usitoke bila ripoti iliyoandikwa pamoja na CD ya picha zenyewe. Serikali imepeleka mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, na hilo limepunguza safari nyingi. Lakini daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kwa kawaida utamfuata Taasisi ya Mifupa Muhimbili Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC Moshi. Ukifika huko na ripoti ya ukurasa mmoja bila picha, kipimo hurudiwa, na unakilipia upya.

Mifuko inayoweza kulipa

Mtoto wa chini ya miaka mitano ana msamaha wa kisera katika vituo vya serikali. Hadi hapo ni sawa. Tatizo ni kwamba msamaha unahusu kilichopo hospitalini. Dawa ikiisha stoo, unaandikiwa ukanunue nje, na fedha ya nje hairudishwi. Gari la kumhamishia Dar nalo ni jambo la kuuliza mapema, kwa sababu mara nyingi familia huombwa kuchangia mafuta.

Mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anayechangia kupitia mshahara, asilimia 3 yake na 3 ya mwajiri, ana nafasi za wategemezi. Kosa la kawaida ni mtoto kuzaliwa na kutosajiliwa kwa miaka, kwa kuwa "haumwi". Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, utaratibu wake ulibadilishwa mwaka 2023, kwa hiyo ulizia ofisi ya NHIF masharti ya sasa kabla hujapanga bajeti. Vyovyote yatakavyokuwa, bima ya hiari haikatwi wodini: ina muda wa kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii ulioanza mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ulipangwa kulipia kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Muhimbili ilikuwa nje ya uzio wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 ili kuuondoa mtawanyiko huu.

Kwenye bima yoyote, njia ya rufaa ina thamani ya fedha. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya kama Teule pale Muheza, Bombo, kisha Muhimbili. Dharura inaruhusu kuruka ngazi, lakini marudio ya kliniki hayaruhusu. Ukienda Dar kwa marudio bila barua ya rufaa, kadi inaweza kukataliwa na ukalipa taslimu.

Asiye na bima wala uwezo anayo ofisi ya ustawi wa jamii, iliyo ndani ya hospitali. Wengi huikimbilia siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imekwisha kukomaa na mtoto amezuiwa kitandani. Nenda siku ya pili. Peleka barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayoeleza hali ya kaya, na kama kaya imo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, sema hivyo na uonyeshe. Utahojiwa: kazi, watu wangapi nyumbani, nyumba ni yako au ya kupanga. Msamaha unaweza kuwa wa bili yote au sehemu, au ukapangiwa kulipa kwa awamu. Ukianza mapema, afisa ana muda wa kukuombea hata vile vitu vya kununua nje.

PF3 na bima ndogo

Ikiwa mtoto aligongwa na gari, pikipiki au bajaji, kuna mlipaji mwingine, na huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kisheria kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo, chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Mtoto mpita njia ndiye hasa aliyekusudiwa na sheria hiyo. Bima ile haipo kwa ajili ya kulinda pikipiki.

Mahali pa ajali, kabla umati haujatawanyika, mmoja wa ndugu abaki. Apige picha namba ya usajili (ya pikipiki huanza na MC), stika ya bima, leseni ya dereva, na chombo kilivyokaa barabarani. Achukue namba za simu za mashahidi wawili wasio ndugu. Namba ya usajili ikipatikana, uhai wa bima huhakikiwa mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Ukiona stika lakini mfumo haukitambui chombo, stika ile ni karatasi tu.

Kisha PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Majeruhi mahututi hasubiri PF3 ili atibiwe. Anatibiwa, na ndugu mwingine anaifuata kituo cha polisi. Fomu hii polisi huijaza juu, daktari huijaza chini, na hurudi polisi. Karatasi hii moja hubeba dai zima, kwa hiyo isome kabla haijarudishwa. Jina la mtoto lilingane na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. "Mwanahamisi" hospitalini na "Mwana Khamis" polisi huleta miezi ya kuhangaika kwa wakili na viapo. Tarehe na saa ya ajali zilingane na maelezo ya mashahidi. Na sehemu ya daktari ndiyo yenye mtego mkubwa: fomu hujazwa siku ya kwanza, kabla ya CT, ikaandikwa "michubuko ya kichwa". Siku ya tatu inagundulika damu imevia, mtoto anapasuliwa. Miezi minane baadaye bima inasoma "michubuko" na kukadiria fidia ya michubuko. Dawa yake ni kuomba ripoti ya ziada ya daktari yenye majibu ya CT, upasuaji uliofanyika na alama ya Glasgow, kisha kuipeleka polisi iwekwe kwenye jalada lile lile. Toa kopi ya kila kitu kabla hakijaondoka mkononi mwako.

Pamoja na PF3, bima huomba ripoti ya polisi ya ajali na mchoro wa eneo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, risiti, ripoti ya mwisho ya daktari kuhusu ulemavu, na mara nyingi nakala ya mashtaka au hukumu ya dereva. Risiti ziwe za mfumo wa serikali au za mashine, zenye jina la mtoto. Dawa ulizonunua duka la dawa la karibu bila risiti, kwa macho ya bima hukuzinunua. Nunua daftari moja la kurasa 48, uandike kila safari: tarehe, ulikokwenda, nauli, chakula, kazi uliyoiacha siku hiyo. Tiketi za basi zibandikwe humo humo.

Bima ikikataa au ikipiga danadana, malalamiko hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Muda wa kufungua shauri la madhara kama haya mahakamani ni miaka 3, na kwa mtoto sheria huuhesabu tangu atimize miaka 18. Usiutegemee mwanya huo. Dereva atahama, shahidi atasahau, na jalada litapotea.

Niongeze kwamba si kila ubongo huumia barabarani. Malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huacha madhara yale yale, na gharama zinazofuata hazina tofauti. Wazazi hawa hawana wa kumdai, na hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kuwa na bima kabla. Mtoto mdogo aliyeumia kichwa bila maelezo yanayoingia akilini, hospitali ina wajibu wa kuuliza, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linaweza kuhusishwa. Hilo ni kwa ajili ya usalama wake.

Baada ya kuruhusiwa

Chukua mfano wa mtoto wa kilo 20 aliyebaki na kifafa baada ya ajali, akaandikiwa carbamazepine miligramu 15 kwa kilo kwa siku. Hiyo ni miligramu 300, yaani kidonge kimoja na nusu cha miligramu 200. Mwezi mmoja ni vidonge 45, mwaka mmoja kama 548. Akikua akafika kilo 40, kwa kiwango kile kile anahitaji vidonge 3 kwa siku, 1,095 kwa mwaka. Gharama ya kifafa hukua pamoja na mtoto, jambo ambalo bajeti ya mwaka wa kwanza hailioni. Kosa linalofuata ni kuacha dawa ghafla fedha zikipungua. Degedege lisilokoma humrudisha mtoto kwenye chumba cha mahututi, na usiku mmoja wa pale unaweza kumeza fedha ya vidonge vya miezi mingi. Ukiona huwezi kuendelea na dawa uliyopewa, rudi useme hivyo. Zipo dawa za bei ya chini kama phenobarbital, na kubadilisha hufanywa polepole na daktari.

Upande wa pili, degedege lililotokea ndani ya siku 7 za mwanzo halimaanishi kifafa cha maisha. Watoto wengine huendelea kumeza dawa miaka kwa sababu hakuna aliyeuliza ni za nini. Na hata mwenye kifafa cha kweli, akikaa kama miaka miwili bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kumpunguzia.

Safari nazo zina hesabu yake. Kliniki moja ya Dar kwa mzazi na mtoto ni nauli nne, kwenda na kurudi, na mara nyingi siku tatu, maana kliniki ni ya asubuhi na basi la Tanga halikufikishi kwa wakati huo. Marudio ya kila miezi mitatu mwaka wa kwanza ni nauli 16 na siku 12 za kazi zilizokufa, kabla hujanunua hata sahani ya wali. Kabla hamjaondoka Muhimbili, ombeni barua ya kurudishwa Bombo, yenye mpango wa matibabu na dalili zinazohitaji kurudi Dar. Marudio mengi yanaweza kufanyika Tanga, na kambi za madaktari bingwa zinazopita katika halmashauri hupunguza mengine. Mtoto aliyewekewa mrija wa kupeleka maji ya ubongo tumboni ni tofauti: mrija unaweza kuziba, na akianza kutapika, kuumwa kichwa na kusinzia, safari haisubiri tarehe ya kliniki.

Utengamao, yaani mazoezi tiba, tiba kwa vitendo na tiba ya kuongea, ndio unaokatwa kwanza fedha zikipungua. Huo ni uamuzi ghali. Mguu uliokakamaa usiponyooshwa kila siku, msuli hufupika, kifundo hugoma, na kinachofuata ni kiatu maalumu au upasuaji. Sehemu kubwa ya mazoezi hufanyika nyumbani kwenye mkeka: mtaalamu anakuonyesha jinsi ya kunyoosha kifundo, kushikilia sekunde 30, kurudia mara 5, asubuhi na jioni. Mwombe akurekodi kwenye simu ukifanya wewe, akusahihishe. Kliniki mbili za mafunzo mazuri zikifuatwa na mkeka wa kila siku zina faida kuliko kliniki kumi bila mkeka. Kwa mtoto asiyejigeuza, mgeuze kila saa 2. Kidonda cha kulalia huja upesi na hukawia kupona.

Halafu shule. Ubongo wa mtoto haujamaliza kukua, kwa hiyo sehemu iliyoumia akiwa na miaka minne inaweza isijulikane hadi akiwa na miaka kumi, darasa linapomtaka apange kazi, akumbuke hatua, ajizuie hasira. Mwalimu anaona mtukutu au mvivu. Hakuna anayekumbuka ule mwembe alikoanguka. Kwa jeraha dogo, mpumzishe siku moja au mbili kisha arudi kidogo kidogo, akianza na nusu siku bila michezo ya kugongana. Wengi hurudi sawa ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Aliyezidi hapo arudi kwa daktari. Kwa jeraha la kati au kubwa, peleka shuleni barua ya hospitali inayosema wazi "aliumia ubongo" na tarehe, iwekwe kwenye faili lake, na uonane na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu na marekebisho anayohitaji. Kukaa kiti cha mbele na kuongezewa muda wa mtihani ni marekebisho yasiyohitaji bajeti.

Kumalizana

Yote haya ndiyo sababu ya kuogopa neno "tumalizane". Mwenye bodaboda, mara nyingi kijana mwenyewe hana kitu, anakuja wodini na wazee wawili, analipa bili ya siku nne, anaongeza kidogo, na karatasi inasainiwa kwamba familia haina dai tena. Wanaofanya hivyo wana nia njema, na ujirani wa mtaani una thamani yake. Lakini siku hiyo hakuna ajuaye kama mtoto atapata kifafa, kama atasoma, kama atahitaji upasuaji wa pili. Fidia ile ni ya mtoto, na mzazi anaisamehe kwa niaba yake kabla haijajulikana ni kiasi gani.

Kusamehe dereva na kudai bima ni mambo mawili, na la pili halimtoi kijana yule fedha mfukoni iwapo bima yake ilikuwa hai. Mkubaliane naye alipie kinachowezekana sasa, iandikwe kuwa ni mchango wa matibabu ya awali, itajwe tarehe, kiasi na namba ya chombo, na iandikwe kwa maneno kamili kwamba madai ya matibabu ya baadaye na ulemavu yanabaki wazi. Wasaini mashahidi wa pande zote mbili, na nakala iende polisi ikakae na PF3. Ripoti ya mwisho ya ulemavu iombwe baada ya hali ya mtoto kutulia, kwa kawaida si chini ya miezi sita hadi mwaka mmoja tangu ajali, na kabla ya hapo hakuna saini ya kufunga dai.